Kitambaa cha Bei Nafuu Pwani ya Afrika Mashariki: Kutoka Merikani hadi Mitumba

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, nguo ilikuwa mali kabla ya kuwa vazi. Iliwekwa akiba sandukuni, ilitolewa katika mahari na zawadi, ililipwa kama ujira, na kwenye misafara ya bara ilitumika kama fedha. Mtu mwenye kipato kidogo aliipata kwa njia tatu ambazo hazikubadilika sana kwa karne nyingi: kununua kitambaa ambacho hakijakamilika na kukikamilisha nyumbani, kununua kwa kipimo kidogo, na kukitumia kitambaa kimoja kwa kazi mbalimbali mpaka kiishe. Meli, viwanda na sheria za forodha zilibadilisha aina ya nguo iliyofika bandarini. Hata hivyo, ni njia hizo tatu zilizoamua ni nani aliyeweza kuivaa.

Uzi wa nyumbani na uzi wa kufumua

Kabla ya nguo za viwandani, pwani ilisokota na kufuma pamba yake yenyewe. Wachimbaji wa mambo ya kale huko Kilwa Kisiwani wamepata vigurudumu vingi vya kusokotea uzi, vingine vikiwa vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilisafirishwa hadi Misri. Pate nayo ilisifika baadaye kwa nguo zake za hariri.

Nguo za rangi zilitoka hasa Gujarati, nchini India, na bei yake ilikuwa juu. Namna ya kuipunguza imeelezwa na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu Waislamu wa Sofala. Mafundi wa huko walifuma nguo nyeupe kwa pamba yao, lakini hawakuwa na rangi za kutosha. Walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, huko Gujarati, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma uzi huo pamoja na uzi wao mweupe. Kitambaa kimoja cha kigeni kilizaa nguo kadhaa zenye mistari na miraba. Kazi ya mkono ilikuwa nyingi, ila mkono ulikuwapo nyumbani, na rangi ilibidi inunuliwe ng'ambo.

Bara nako kulikuwa na ufumaji. Wafipa na Wanyamwezi walifuma pamba kwa mitambo ya miti, na Waganda walipiga magome ya mti wa mutuba kuwa nguo laini. Nguo hizi zilikuwa nzito na za kudumu, lakini kuzitengeneza kulichukua muda mrefu. Nguo ya kiwandani ilipofika kwa wingi katika karne ya 19, haikushinda kwa ubora. Ilishinda kwa sababu ilimwokolea mnunuzi siku nyingi za kusokota.

Merikani na kaniki

Nguo iliyobadilisha soko ni merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa na meli kutoka Salem, Massachusetts. Biashara hiyo ilianza katika miaka ya 1820, na mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, mfanyabiashara Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Meli zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Merikani ilipendwa na wanunuzi wa kipato kidogo kwa sababu moja ya wazi: ilikuwa kama ilivyoonekana. Viwanda vingi vya Uingereza vya wakati huo vilikuwa na desturi ya kutia wanga na udongo mweupe kwenye nguo za daraja la chini ili zionekane nzito. Nguo ya namna hiyo ikifuliwa mara moja, hubaki wavu. Merikani ilifuliwa mara nyingi na kuzidi kuwa nyeupe na laini. Aliyeweza kununua nguo moja tu kwa mwaka alikuwa na kila sababu ya kuangalia uzi kabla ya kuangalia bei.

Iliyoshindana nayo ni kaniki, nguo iliyotiwa nili hadi ikawa karibu nyeusi, ambayo kwa muda mrefu ilitoka Kutch na sehemu nyingine za magharibi mwa India. Kaniki ilivaliwa na wanawake wa shamba, wachukuzi na watumwa. Haikuonyesha uchafu upesi, na aina yake nyembamba ilikuwa ya bei rahisi. Wanawake wengi pia walinunua merikani nyeupe na kuitia rangi wenyewe, hasa ilipoanza kuchakaa na kuingia madoa, kwa hiyo vazi lile lile lilipata umri wa pili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, vilikata pamba na nguo za Marekani kwa ghafla. Pengo hilo lilizibwa kwanza na nguo za Uingereza, kisha na viwanda vya Bombay, ambavyo vilianza kujengwa katika miaka ya 1850. Bombay ilikuwa karibu, majahazi yalisukumwa na pepo za kaskazi, na wafanyabiashara Wahindi wa Unguja walikuwa na jamaa zao huko. Kuelekea mwisho wa karne, nguo iliyoitwa merikani ilikuwa mara nyingi imefumwa India, na bei yake ilikuwa chini zaidi.

Mkono, shuka, doti na jora

Namna ya kupima nguo ilimsaidia mnunuzi mdogo. Kipimo cha msingi kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya pima moja, na kitambaa cha urefu huo kiliitwa shuka au upande. Mikono minane ilifanya doti. Jora ni kitambaa kizima kilivyotoka kiwandani, na jora la merikani lilikuwa na takriban yadi 30.

Mwenye duka alinunua majora kwa mkopo kutoka kwa wafanyabiashara wakubwa, naye aliuza kwa mikono. Mnunuzi hakulazimika kuwa na fedha ya vazi zima. Shuka moja ilitosha kujifunga kiunoni, na shuka ya pili ingeweza kununuliwa baada ya mavuno na kushonwa kwenye ya kwanza. Kwa kuwa mkono wa mtu si sawa na wa mwenzake, ugomvi juu ya kipimo ulikuwa wa kila siku, na wateja waliingia dukani na mtu mrefu wa kuwapimia. Yadi ya chuma iliyokuja na utawala wa kikoloni iliumaliza ugomvi huo, na pamoja nao ikamaliza faida ndogo ya aliyekuwa na ndugu mwenye mikono mirefu.

Leso sita

Ubunifu mkubwa kuliko wote wa ushonaji wa bei nafuu ulifanywa na wanawake wa Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Madukani ziliuzwa leso za mkononi zilizopigwa chapa, zikiwa zimeungana katika kitambaa kirefu. Muuzaji alikata moja moja. Wanawake walianza kununua leso sita bila kuzitenganisha, wakazikata katika vipande viwili vya leso tatu tatu, na kuvishona pamoja ubavuni. Matokeo yalikuwa nguo pana ya kujifunga, yenye miraba sita ya maua na mapambo. Vazi la namna hiyo kama lingefumwa na kupigwa chapa kwa agizo maalumu lingegharimu zaidi. Hapa gharama ya ziada ilikuwa sindano, uzi na jioni moja.

Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona. Kuanzia miaka ya 1870 na 1880 viwanda vya Uholanzi, hasa vya Helmond na Leiden, na baadaye vya Uingereza na nchi nyingine, vilianza kupiga chapa nguo nzima yenye pindo pande zote nne na uwanja wa katikati uitwao mji. Hiyo ndiyo kanga. Mombasa na sehemu nyingi za Kenya jina la leso liliendelea kutumika kwa nguo hiyo mpya. Mapema katika karne ya 20 maandishi yaliongezwa, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kilatini. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake hutambulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ni miongoni mwa yaliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo.

Kanga ilifika wakati jamii ikibadilika. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na wanawake waliotoka utumwani waliacha merikani na kaniki zilizowatambulisha. Wengi wao walikuwa wachuuzi, vibarua wa karafuu na wafuaji, na kipato chao kilikuwa kidogo. Kanga iliwafaa kwa sababu haikuhitaji fundi. Haina mkono wala ukosi, humfaa mnene na mwembamba, na mnunuzi hukunga pindo mwenyewe. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, hivyo mashoga wawili wasio na fedha ya kutosha waliweza kuchanga, kununua doti moja na kuikata katikati.

Michango ilikuwa na taasisi zake. Katika upato, wanawake walitoa kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na fungu lote likaenda kwa mmoja kwa zamu. Vyama vya ngoma, kama vile vya lelemama, vilikubaliana sare kwa ajili ya harusi na sikukuu. Sare ilikuwa mzigo kwa asiye nacho, lakini pia ilimpa njia ya kulipa kidogo kidogo, kwa kuwa chama kilinunua kwa pamoja na mwenye duka alijua nani wa kumdai.

Fundi barazani

Cherehani zilienea pwani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni ya Singer, ambayo tangu miaka ya 1850 iliuza mashine zake kwa malipo ya awamu, ndiyo iliyotangulia. Cherehani ya mkono au ya miguu ilikuwa ghali kwa familia, ila iliweza kumlipa mwenye kuitumia kila siku. Kwa hiyo ilikaa barazani mwa duka la nguo. Mwenye duka aliuza kitambaa ndani, na fundi alishona nje. Mteja alitoka na kanzu, gauni au kaptura siku ile ile.

Mpango huu ulipunguza gharama kwa namna mbili. Fundi alikata akimwangalia mvaaji, kwa hiyo hakuna kitambaa kilichopotea kwa vipimo vya kubahatisha. Nguo za watoto zilikatwa kwa nafasi: pindo pana lilikunjwa ndani ili lifunguliwe mtoto akirefuka, na mishono ya ubavuni iliachiwa nyama ya kutosha. Mabaki yalibaki mali ya mteja akiyataka. Yalijaza mito, yalikuwa viraka, na yalitengenezewa wanasesere.

Wanawake waliokaa ndani walishona kofia. Kofia za pwani huundwa kwa bafta nyeupe iliyopangwa tabaka mbili, zikashonwa pamoja kwa mistari myembamba na kutobolewa matundu yanayozungushiwa uzi. Kitambaa kinachohitajika ni kidogo na thamani yake yote hutoka katika kazi. Kofia moja ingeweza kuchukua wiki nyingi, lakini mshonaji aliyeanza na robo ya yadi ya bafta aliuza kitu kilichompatia kitambaa cha gauni.

Maisha ya doti moja

Matumizi ya kitambaa ndani ya nyumba yalikuwa na mpangilio unaojulikana. Kanga mpya ni ya kutokea: harusini, matangani, kwa wakwe. Rangi ikianza kupauka huwa ya nyumbani. Baadaye huwa mbeleko ya kumbebea mtoto, shuka ya kulalia, pazia la mlango, au kata ya kubebea ndoo kichwani. Iliyolainika kabisa huwa winda, kwa kuwa pamba iliyofuliwa mara nyingi hunyonya maji vizuri kuliko mpya. Mwisho wake ni kitambaa cha kushikia sufuria, kisha dekio.

Kabla ya kufika huko, kanga na shuka kuukuu ziliweza kuingia katika mfarishi. Vitambaa hupangwa tabaka kadhaa, vilivyochakaa vikiwa ndani na vyenye rangi nzuri vikiwa nje, kisha hupigwa bandi kwa uzi mnene kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mwenye pamba au sufi aliweza kuijaza katikati. Tandiko hilo hutumika juu ya kitanda cha kamba, kwa mtoto mchanga, au kujifunika wakati wa kipupwe. Watu wa Kutch, ambako walitoka wengi wa wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa, wana desturi yao ya kale ya kuunganisha vitambaa vikuukuu kuwa matandiko. Hivyo sanaa hii ilikuwapo pande zote mbili za bahari.

Miaka ya uhaba

Nguo za kigeni zilikuwa rahisi mradi meli zifike. Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha udhaifu huo katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Waingereza walipofunga bahari, akiba ya madukani iliisha upesi. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi wanawake walivyosokota pamba ya koloni, vitanda vya kufumia vilivyoundwa, na rangi ya kahawia iliyochemshwa kutoka mizizi ya mti uitwao ndaa ilivyotumika kwa sare za askari. Ujuzi ambao merikani ilikuwa imeurudisha nyuma ulihitajika tena wakati wa vita.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulileta hali tofauti. Bei za mkonge, pamba na karafuu zilianguka, na wakulima hawakuwa na fedha. Hapo ndipo nguo za Japani zilipolishika soko. Mwaka 1934 Uingereza iliweka mipaka ya uingizaji wa nguo za Japani katika makoloni yake mengi ili kuvilinda viwanda vya Lancashire. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar hazikuguswa, kwa sababu zilikuwa ndani ya eneo la mikataba ya Bonde la Kongo iliyokataza upendeleo wa forodha. Kwa hiyo mkulima wa Afrika Mashariki aliendelea kununua kitambaa cha bei ya chini kuliko wenzake wa makoloni mengine.

Japani ilipoingia vitani Desemba 1941, mlango huo ulifungwa. Serikali ziliweka udhibiti wa bei na mgawo, na nguo ikawa bidhaa ya magendo. Viraka vilirudi juu ya viraka, na magunia yakavaliwa na wasio na njia nyingine.

Viwanda vya ndani na foleni

Baada ya vita ulianza mkakati wa kufuma pamba nyumbani. Kiwanda cha Nyanza Textile, maarufu kwa jina la Nytil, kilianza kazi Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950, kikitumia umeme wa Mto Nile. Tanzania ilijenga kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968, na Mwatex huko Mwanza, katikati ya eneo la pamba. Kenya ilikuwa na viwanda Kisumu, Eldoret, Nanyuki na Thika. Kwa mara ya kwanza kanga na vitenge vilivyovaliwa na watu wa kawaida vilipigwa chapa karibu na wavaaji.

Kwa miaka kadhaa mpango ulifaulu. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania ilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, rangi na mafuta. Bei ya mafuta duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na uendeshaji dhaifu wa mashirika vyote vilichangia. Nguo ziliuzwa kwa bei iliyopangwa katika maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa, ila hazikuwapo rafuni. Bei rasmi ya doti ilikuwa nafuu, lakini gharama yake halisi ilikuwa saa za foleni au bei ya ulanguzi. Mashuka ya hospitali, mapazia na magunia ya unga yaligeuzwa mavazi. Fundi aliyejua kugeuza kola iliyochakaa, upande wa ndani ukawa nje, alikuwa na kazi nyingi kuliko aliyejua kushona suti mpya.

Mitumba

Tanzania ililegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na Kenya ikafuata kwa upana zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani, ambazo hapo awali ziliingia kidogo kidogo na kuitwa kafa Ulaya, sasa zilikuja kwa makontena. Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa, Owino jijini Kampala na masoko ya Dar es Salaam yakawa vituo vya kufungulia belo. Jijini Nairobi nguo bora zinazochaguliwa mwanzo huitwa kamera, na zinazobaki za kumalizia huitwa fagia. Kati ya majina hayo mawili kuna ngazi nzima ya bei, na mnunuzi husubiri saa inayolingana na mfuko wake.

Kwa washonaji, mitumba ni ghala la kitambaa. Shuka la kitanda la ukubwa wa kati lina eneo la kutosha kwa gauni, na pazia zito hutoa sketi au mkoba. Suruali kubwa ya mtu mzima hukatwa kaptura mbili za watoto, zipu na vifungo vikitumika tena. Pamba safi, ambayo ni ghali dukani, hupatikana kwa urahisi katika mashati ya zamani. Kazi ya kupunguza nguo imekuwa tawi zima la ufundi cherehani, na mafundi wake hukaa pembeni mwa masoko hayo hayo.

Viwanda vya ndani viliumia. Ushindani wa mitumba ulikuwa sababu mojawapo, pamoja na madeni, mashine za zamani, umeme usioaminika na vitambaa vya bei ya chini kutoka Asia. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza mavazi bila ushuru chini ya sheria yake ya biashara na Afrika iitwayo AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma.

Katika mjadala huo mitumba huhesabiwa kama nguo tu, ilhali kwa maelfu ya mafundi ni malighafi. Kiwanda cha ndani kitakachotaka nafasi yake hakina budi kuuza pamba kwa bei ambayo fundi wa barazani anaweza kuilipa, na kwa kipimo kidogo anachokihitaji kwa siku moja ya kazi.